Fundi wa Wifi Niliyemjua kwa Namba Tu

Jumatano asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye kona ya mtaa wetu hapa Kabondo, Kisangani, simu mkononi na hasira kifuani, nikijiandaa kumpigia tena fundi anayenitengenezea mtandao wa nyumbani. Mama anayekaanga mikate pale kwenye kona, yale maandazi madogo ya duara tunayonywea chai, aliniona ninavyotikisa kichwa, akaniuliza ninagombana na nani mapema yote hiyo. Nikamwambia ni yule papa wa baiskeli, yule baba wa wifi, leo siku ya sita ananikwepa. Mkono wake ulisimama juu ya karai. "Mama, haukusikia?" alisema. "Ule papa, tulimuzika jana. Alikufa lundi asubui." Lundi ni Jumatatu, na mimi sikuwa na habari. Nakumbuka tu kwamba kwenye kioo cha simu yalikuwa bado yanawaka maneno mawili niliyohifadhia namba yake siku tuliyojuana, "Papa Connexion", na kwamba mikate iliyokuwa kwenye mafuta ilianza kuungua bila yeye kuitoa.

Ninyi mnaonisoma kila wiki mliona kwamba wiki iliyopita ukurasa huu ulikuwa wa mtu mwingine, na wachache wenu mkauliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Mvua kubwa ya Alhamisi ilipita na mtandao wangu, na makala yangu ikabaki ndani ya kompyuta. Kompyuta ilionyesha mistari yote ya wifi imejaa, ikasema imeunganishwa, lakini hakuna kilichoingia wala kutoka. Nikampigia fundi wangu Ijumaa, hakupokea. Jumamosi hakupokea. Jumapili, nikitoka kanisani, tena baada ya kushiriki meza ya Bwana, nilikaa kwenye kiti changu nikamwandikia ujumbe kwa simu yangu ndogo: "Papa, siku zinapita unaniona mjinga. Kama kazi yangu imekuchosha, sema wazi nitafute mtu mwenye heshima." Wazee walisema ulimi hauna mfupa, na kidole gumba nacho nimegundua hakina. Kwa hiyo pale kwenye kona, kabla hata machozi hayajaja, swali moja lilikuwa limeshanijia, nami nawaambia bila kujitetea kwamba lilikuwa swali la mtu anayejiwazia mwenyewe: je, aliusoma ujumbe ule kabla ya kufa? Je, neno langu la mwisho kwake lilikuwa lile?

Tulijuana miaka saba iliyopita, kwa sababu ya ujinga wangu. Nilikuwa nimestaafu ualimu, wanangu wakaninunulia kompyuta ya kuandikia na kisanduku kidogo cheusi cha kutawanya wifi ndani ya nyumba. Sasa, mama wa Kisangani aliyelelewa vizuri haachi kitu cha thamani sebuleni kikishangaa wageni. Nilikipangusa kisanduku, nikakifunika kitambaa nilichokidarizi maua kwa mkono wangu, nikakiweka ndani ya kabati la vioo, nyuma ya zile sufuria kubwa za alumini ambazo sisi akina mama tunaazimana kwa matanga na harusi, nikafunga, na ufunguo nikaufundika kwenye ncha ya kitenge. Mtandao ukawa wa kubahatisha, leo upo, kesho haupo. Mafundi wawili walikuja, wakakaa mbele ya kompyuta, wakabonyeza, wakasema mashine imezeeka. Huyu wa tatu hakukaa. Alizunguka nyumba nzima akiwa na simu yake mkononi, akitazama mistari ya wifi ikipanda na kushuka, hadi akasimama mbele ya kabati.

"Mama, modem iko wapi?" aliuliza. Nikafungua kwa fahari. Alizitazama sufuria, akakitazama kitambaa, akanitazama mimi. "Unaifungaka na funguo? Unaogopa itatoroka?" Nikamwambia naogopa wezi. "Bon, bezi habaione, iko kweli. Lakini mashini yako pia haiione." Kisha, kwa upole ambao sikuuzoea kwa mafundi, akanieleza kwamba wifi inapita hewani, kwamba ukuta unaipunguza, na alumini inairudisha ilikotoka. "Baba yangu alikuwa mutega samaki kule Wagenia," alisema, akimaanisha kwenye maporomoko ya mto. "Hakutegaka kikapu nyuma ya jiwe. Nyuma ya jiwe maji haipite, donc samaki haipite." Alikitoa kisanduku, akakipigilia ubao mdogo katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi, akakiweka hapo bila kitambaa. Kuanzia siku ile mtandao ulifika mpaka jikoni. Alipoondoka nilikirudishia kitambaa changu, maana niliona aibu kukiacha uchi. Alipokuja tena alikitoa bila kusema neno, akakikunja vizuri akaniwekea kwenye meza. Tulivutana hivyo mwaka mzima.

Kazi yake ilikuwa na desturi moja iliyonikera sana: hakugusa kompyuta ya mtu. Alivuta kiti nyuma yako, akakuacha wewe ubonyeze. Kwanza aliuliza, "Mashini tu njo haina connexion, ao telefone pia?" Yaani, ni mashine tu, au simu pia? Kama simu inapata na kompyuta haipati, tatizo liko kwenye kompyuta, huenda wifi yake imezimwa kwa bahati mbaya, huenda neno la siri limebadilishwa na yenyewe bado imeshikilia lile la zamani. Kama vyote havipati, tukatazame kisanduku na taa zake, tukizime, tusubiri kidogo, tukiwashe. Kama bado, tufuate waya hadi kwenye sahani ya kunasia mtandao iliyo juu ya bati. Ndipo alipouliza lile swali ambalo wateja wake wote walilichukia: "Mukono yako iligusa nini mara ya mwisho?" Mimi kila mara nilijibu kwamba sikugusa kitu. "Bien sûr," alisema, yaani bila shaka. "Munyumba zote za Kabondo, hakuna mutu alishagusa kitu. Iko mizimu njo inachomoaka ma-câble." Siku moja nilimwambia kwamba nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini, sasa nimechoka kuwa mwanafunzi, afanye mwenyewe mimi nimletee chai. Hakunyanyua mkono. "Vidole yako iko na akili, mama," alisema. "Ni wewe njo hauiamini." Nilibonyeza kwa kununa, ikakubali, naye akanywa chai yake kimya kimya kama mtu aliyefaulu mtihani wa mwenzake.

Mara ya mwisho kuja kwangu ilikuwa kama mwezi mmoja uliopita. Aliegemeza baiskeli, akavua viatu mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikafikiri ni adabu, kwa sababu nilikuwa nimetoka kupiga deki. Nikamsifu hata. Niliona miguu yake imevimba, nikaiona kwa macho yangu mawili, na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa na makala ya kutuma na kompyuta ilikuwa imekataa. Alimaliza kazi, akakaa muda mfupi kuliko kawaida, akavaa viatu bila kufunga kamba. Nikampa mkono nikasema, "Tutaonana nikiwa na shida." Hayo ndiyo maneno yangu, ndugu wasomaji, na wakati ule niliyaona ya kawaida kabisa.

Tangu Jumatano nimekuwa nikijiuliza ilitokeaje. Nilipokuwa msichana, mtu aliyeezeka nyumba ya baba yangu tulimjua yeye, mkewe, mama mkwe wake na ugomvi wao. Akiugua, tulijua kabla ya daktari. Fundi cherehani alikuwa na benchi, ukienda kuchukua gauni unakaa, unaambiwa nani kajifungua. Hatukuwa watu wema kuliko wa leo, tusidanganyane. Tulisengenyana sana kwenye benchi lile. Lakini ili kupata kazi ya mtu ilikubidi uende alipo. Sasa mafundi wetu wote wamo ndani ya simu. Nina Papa Connexion, nina Papa Bomba, nina Tonton Moto, nina Mama Samaki wa Yanonge anayenitumia ujumbe boti ikifika. Nikiwaita wanakuja, na wakishamaliza wanarudi anakokujua Mungu. Miaka saba mtu yule aliingia hadi chumbani kwangu, aliniona bila kilemba, alijua nywila zangu zote. Mimi sikujua anakaa upande gani wa mji.

Mama wa mikate ndiye aliyenielekeza, siku ileile. Nilinunua sukari na kahawa, nikapanda pikipiki, na dakika ishirini baadaye nilikuwa nimefika. Dakika ishirini. Nyumba yao iko karibu na maporomoko, kiasi kwamba ukisimama uani unasikia maji yanavyonguruma, na vikapu vya kutegea samaki, vikubwa kupita mtu, vimeegemezwa ukutani. Turubai lilikuwa limefungwa, wanaume kwenye viti vya plastiki, akina mama chini kwenye mikeka. Juu ya meza kulikuwa na picha yake akiwa na tai, na chini ya picha karatasi yenye jina lake. Nililisoma pale kwa mara ya kwanza. Sitaliandika hapa, kwa sababu sikulihangaikia siku hata moja akiwa hai, na sioni nina haki gani ya kulipamba nalo gazeti sasa.

Nilipiga magoti mbele ya mjane, nikampa pole, nikasema mimi ni mmoja wa wateja wa papa, kutoka Kabondo. Alininyanyua uso kwa kidole. "Kabondo? Njo wewe mama ya kabati?" Sikuelewa. Akawageukia wenzake. "Iko mama ya kabati! Ule mwenye kufungia modem na masufuria!" Na pale matangani, wanawake wale wenye macho mekundu wakacheka, nami nikacheka nikilia, kwa sababu niligundua kwamba nyumba ile ilinijua. Walijua kitambaa changu. Walijua kwamba chai yangu ina tangawizi nyingi. Binti yake mkubwa aliniuliza kama goti langu limepata nafuu. Kwa miaka saba fundi alikuwa akirudi nyumbani na kusimulia habari zangu na za wengine wa namna yangu, na watoto wake walikuwa wakitufahamu wote.

Nilipopata nafasi ya kukaa karibu na mjane nilimuuliza, kwa sauti ndogo, kuhusu ugonjwa. Akasema ni figo, tangu mwaka jana. Hakutaka wateja wajue. "Alisema batu bakisikia iko mugonjwa, batamuonea huruma, habatamuita tena. Na yeye bila kuitwa angekufa mbio." Kisha nikamuuliza lile lililonileta. Nilisema, "Mama, Jumapili nilimwandikia neno." Alikunja ukingo wa kitenge chake, akaukunjua.

"Nilimusomea mimi," alisema. "Macho yake haikuwa inaona muzuri tena."

Hakuna adhabu ambayo mtu angenipangia ikafikia hiyo. Nilikuwa nimeandika maneno yale kwa ajili ya fundi asiyepokea simu, na mdomo uliomfikishia ulikuwa wa mkewe, kando ya kitanda. Niliomba msamaha, nikaomba tena. Akanishika mkono.

"Tika, acha, mama. Hakukasirika. Alisema nimuletee telefone, akakuzungumuzia message ya sauti, maana vidole ilikuwa inatetemeka. Mimi nikamwambia, papa, haitafika, kwake connexion imekufa. Akasema, najua."

"Alisema nini ndani yake?" niliuliza.

Simu ya marehemu ilikuwa hapo mapajani mwake, angeweza kunisikilizisha. Hakufanya hivyo. "Aliisema juu ya wewe, kwa masikio yako tu," alijibu. "Enda uisikilize kwako."

Inabidi niwaeleze, wale msioishi kama sisi. Nina simu mbili. Ndogo ni ya kupigia na ya ujumbe mfupi. Kubwa haina laini; inakaa nyumbani na kuishi kwa wifi ya nyumbani tu, na humo ndimo jumbe za sauti zinamoingia. Kwa hiyo neno lake la mwisho lilikuwa limetumwa tangu Jumapili jioni, nalo lilikuwa limesimama mahali fulani hewani, likisubiri mtandao ambao yeye ndiye pekee niliyemwamini kuutengeneza. Ningeweza kumwita fundi mwingine. Nilikuwa na namba tatu. Nilirudi nyumbani nikafunga mlango, nikavuta kiti, nikajiuliza maswali yake kwa sauti, mimi mwenyewe ndani ya nyumba tupu. Je, ni mashine tu, au simu pia? Vyote viwili. Basi si mashine. Mistari ya wifi imejaa? Imejaa. Basi kisanduku kinaongea na kompyuta vizuri, ila kisanduku chenyewe hakipati chochote kutoka nje. Nilikizima, nikasubiri, nikakiwasha. Hakuna kitu. Ikabaki lile swali la mwisho, na mdomo wangu ukaanza wenyewe kujibu kwamba sikugusa kitu.

Nilikuwa nimegusa. Alhamisi ile radi zilipoanza, nilifanya kama nyumba zote za mji huu zinavyofanya: nikafunika kioo cha ukutani kwa kitenge, nikazunguka nikichomoa kila waya niliouona, wa redio, wa friji, wa kisanduku, na ule unaoshuka kutoka kwenye sahani ya juu ya bati. Mvua ilipokwisha nikavirudisha vyote kwa harakaharaka. Nilichukua miwani na tochi nikapanda kwenye kigoda. Nyuma ya kisanduku kuna matundu manne ya njano yaliyofanana, na moja la bluu lililokaa peke yake pembeni. Waya wa kutoka nje ni wa tundu la bluu. Mimi nilikuwa nimeuchomeka kwenye la njano. Siku sita nilimlaumu mtu aliyekuwa anakufa, kisha aliyekwisha kufa, kwa kosa la mkono wangu mwenyewe, la sentimita mbili. Niliuhamisha waya. Taa iliyokuwa imezimika ikapepesa, ikatulia. Nikashuka nikakaa, na simu kubwa ikaanza kulia: kwaya, ukoo, salamu za Jumatatu, mhariri wangu akiuliza makala iko wapi. Katikati yake ilikuwa sauti ya fundi wangu. Niliogopa kuibonyeza, kisha nikaibonyeza.

"Mama, bonjour," alisema. Pumzi yake ilikuwa fupi, na nyuma yake maji yalikuwa yananguruma. "Kama unasikia hii, donc connexion imerudi. Donc haukuita mutu. Najua wewe, iko na kichwa nguvu, haungeita mutu. Donc umeweza. Wewe peke yako." Akapumzika. "Ile maneno uliandika, madame alinisomea. Hakuna neno, mama. Mutu akikatika na batu yake, anakasirikaka, njo vile. Mimi pia nilikuwa nataka kukuja. Miguu inakatala." Ikasikika sauti ya mkewe ikimwambia apumzike. "Bon," alisema. "Umeweza. Félicitations." Ikakatika hapo.

Niliirudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri kwa mtu wa umri wangu. Amenisamehe, na bado msamaha wake haukunipa raha niliyoitegemea, kwa sababu ulinionyesha alitumia pumzi zake za mwisho kwa kazi gani: kumpongeza mwanamke mwenye kichwa kigumu kwa kuchomeka waya. Nililia kama sijawahi kumlilia ndugu wa tumbo moja. Nililia kwa ajili yake, na nililia kwa ajili ya miaka saba ya Jumapili ambazo ningeweza kupanda pikipiki na kwenda kukaa uani pale, nikaongezewa chai, nikacheka na wanangu ambao sikujua ninao. Majuto ni mjukuu. Mimi wangu amefika na amekaa.

Ninachoweza kuwaambia ni kidogo. Mtu akinyamaza, msimhukumu kwa kunyamaza kwake. Hujui nani anamsomea ujumbe wako. Na ndani ya simu yako yumo mtu wa aina hii, mwenye jina la kazi yake tu, anayeijua nyumba yako kuliko ndugu zako. Mpigie leo. Muulize anaitwa nani, anakaa wapi. Kisha nenda, siku ambayo hakuna kitu chako kilichoharibika.